Wa Ishirini

Kila Oktoba mkoa hunitumia jedwali:
shule arobaini na moja,
na chini kabisa jumla, imeshapigwa mhuri
kabla sijajua nani ana nini.
Mimi ni wa kujaza katikati.
Nashuka mstari kwa mstari kama anayeteremka ngazi gizani,
nikijua tu kwamba mwisho ni pale, si hatua moja zaidi.

Hesabu yenyewe haina siri: kichwa mara kiwango.
Kichwa cha Naryn mjini na kichwa cha Ak-Bulung
vyote ni vichwa, wamesema wakubwa, na hapo ndipo usawa ulipo.
Sikatai.
Ila mjini bomba la maji moto hupita chini ya barabara,
na Ak-Bulung joto hupanda kwa lori,
kama dereva hajalewa, kama theluji haijafunga njia.

Na jiko halijasoma fomula.
Darasa la watoto saba hula makaa
sawasawa na la thelathini,
pengine zaidi, maana miili ni michache
ya kupashana joto.
Nimeyaandika hayo kwa mkoa mara mbili.
Jibu lilikuja mara moja: Tumepokea.

Kisha kuna ule mstari wa wino mwekundu: ishirini.
Yenye ishirini huhesabiwa shule.
Yenye kumi na tisa huitwa tawi,
na tawi hupewa mwalimu mmoja na nusu ya makaa.
Sijui nusu ya makaa huwashwaje.
Labda hadi Januari,
halafu wote wavae makoti na kukariri.

Leo imefika fomu ya Ak-Bulung,
mwandiko wa Totukan Sadyrbaeva, mwalimu mkuu,
herufi zimesimama wima kama zimeitwa ubaoni.
Jumla: ishirini.
Nimeyahesabu majina kwa ncha ya kalamu.
Wa ishirini ni Adilet, darasa la tatu.

Namjua. Baba yake ni mtoto wa shangazi yangu.
Aprili tuliwasindikiza kituoni, mabegi matano na pasi ya umeme,
wakienda Yekaterinburg kubeba zege.
Mtoto alivaa kofia ya mjomba wake, imemfunika nyusi,
akaniuliza kama huko kuna shule.
Nikamwambia shule ziko kila mahali.

Adilet. Kwetu jina hilo maana yake haki.
Totukan hakulichagua kwa hilo.
Lilikuwa tu la mwisho kwenye rejista
na mkono wake ukagoma kulikata.
Pembeni ameandika, kwa penseli:
Dawati lake lipo.

Kazi hii ina kiapo, nami nilikula.
Kila som nitakayompa asiyekuwepo
nitakuwa nimeinyofoa kwa aliyepo:
kwa Min-Tal, choo chao kimetitia tangu masika;
kwa mapacha wa Chong-Tash wenye kitabu kimoja,
huyu akikisoma wima, yule akikisoma kichwachini
mpaka amezoea, na wima sasa kunamshinda.
Jumla haitanuki kwa huruma.
Na kisu nimekishika mimi.

Saa kumi na moja. Mlinzi Kasymaly anazima taa za ukumbini.
Nampigia Totukan. Nyuma yake koleo linakwangua sakafu.
"Adilet," nasema.
Koleo linasimama.
"Alikuja kwa nyanya yake Agosti."
"Akaondoka?"
"Theluji ikiyeyuka watamrudisha."
Siulizi theluji ya mwaka gani.

Kwenye kisanduku kitupu kistari kinawaka, kinazima.
Sijaandika kumi na tisa.
Sijaandika ishirini.
Kasymaly amesimama mlangoni na funguo zake,
anauliza kama kuna mtu bado yumo ndani.